Masisi na Walikale: Usiku mrefu wa aliyepasuliwa goti

Mchana, katika chumba cha waliopasuliwa, maumivu yanapata wa kuyapunguza. Muuguzi anapita, jamaa wanaleta bugali na maharagi, jirani wa kitanda cha pili anauliza habari za kijijini. Usiku ukiingia wageni wanarudi nyumbani, taa zinazimwa, na mgonjwa anabaki peke yake na mguu wake. Saa nane ya usiku goti linagonga kama moyo, karatasi ya dawa inaonyesha kwamba kidonge kinachofuata ni cha asubuhi, na mlinzi wa mgonjwa amelala chini ya kitanda kwa uchovu.

Hali hiyo inajulikana na kila aliyepasuliwa goti, hapa na ng'ambo. Katika nchi tajiri, wazee ambao magoti yao yamekwisha wanawekewa goti la chuma na plastiki, na wengi wanasimama siku ileile au siku inayofuata. Hata wao, wakiwa na vitanda vizuri na dawa za kutosha, malalamiko yao makubwa katika wiki za kwanza ni yaleyale: maumivu ya usiku na kukosa usingizi.

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini, upasuaji wa kuweka goti bandia si jambo la kawaida. Wanaopasuliwa magoti na miguu huku ni watu wa aina nyingine: aliyepigwa risasi akiwa shambani, mtoto aliyekatwa na kipande cha bomu, mwendesha pikipiki aliyeanguka katika matope, mchimba madini aliyeangukiwa na udongo. Wengi ni vijana, na mguu ndio chombo chao cha kazi. Na katika eneo ambapo kijiji kinaweza kuhama usiku mmoja, goti lisilokunja linamzuia mtu kukimbia pamoja na wenzake.

Vita vimefanya njia ya matibabu iwe ndefu zaidi. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka huohuo waasi hao waliingia Walikale-kati, kabla ya kuondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Katika siku hizo za Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa Kimataifa una timu ya upasuaji, ilipokea mamia ya majeruhi. Huko Masisi, hospitali kuu imekuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, tangu 2007. Lakini kati ya kijiji na kitanda cha hospitali kuna milima, msitu, vizuizi vya barabarani, na mara nyingi tipoyi iliyobebwa mabegani kwa saa nyingi.

Baada ya upasuaji, mgonjwa anarudi kwa njia ileile, na kuanzia hapo kazi ya kutunza maumivu na usingizi inakuwa ya kwake na ya familia yake.

Kwa nini usiku maumivu yanazidi

Sababu ya kwanza ni mguu wenyewe. Mtu aliyekaa mchana kutwa na mguu ukining'inia anakusanya maji katika goti na kisigino. Jioni goti limevimba, ngozi imevutika, na kila mpigo wa damu unasikika.

Sababu ya pili iko ndani ya mwili. Usiku wa manane homoni ya kortisoli, ambayo husaidia kupunguza uvimbe, inakuwa chini kabisa. Wakati huohuo akili haina kazi nyingine. Hakuna mazungumzo wala soko, kwa hiyo maumivu yanachukua nafasi yote.

Sababu ya tatu ni saa ya dawa. Parasetamoli iliyomezwa saa moja ya jioni imekwisha nguvu kufikia saa saba au saa nane ya usiku. Mgonjwa anaamka, anangoja kuche, na kesho anashinda amechoka.

Usiku mbaya unazaa mchana mbaya. Mtu asiyelala anasikia maumivu kwa ukali zaidi kuliko aliyelala, na mwenye maumivu makali halali. Anakataa mazoezi, goti linakauka, na wiki zinapita. Ndiyo maana wataalamu wanahesabu usingizi kuwa sehemu ya matibabu ya mguu.

Dawa kwa saa yake

Kosa linaloonekana sana ni kungoja mpaka maumivu yawe makali ndipo dawa imezwe. Wanaume hasa wanaficha, kwa sababu wamelelewa kwamba kulia ni aibu. Lakini maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kushushwa. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji dawa zinamezwa kwa saa zilizopangwa, hata kama mgonjwa anajisikia nafuu, na dozi moja inapangwa iangukie wakati wa kulala.

Muuguzi anapouliza namba ya maumivu, kutoka 0 hadi 10, afadhali kusema ukweli. Anayesema 3 huku anauma meno anapata dawa ya 3.

Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani, OMS, limefundisha kupanda dawa kama ngazi. Ngazi hiyo ilitengenezwa kwa wagonjwa wa kansa, kisha ikatumiwa kwa maumivu mengine. Chini kuna parasetamoli na ibuprofeni, katikati dawa kama tramadoli, na juu mofini.

Parasetamoli ndiyo msingi. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida, kipimo ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku nzima. Ikizidi inaua ini. Mtu mwembamba sana, anayekunywa pombe nyingi, au mwenye ugonjwa wa ini apunguziwe na daktari. Tena, vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa sokoni vina parasetamoli ndani. Anayechanganya anaweza kuzidisha bila kujua.

Ibuprofeni inasaidia uvimbe, lakini imezwe baada ya chakula. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mwenye mimba kubwa.

Tramadoli inataka uangalifu zaidi. Inaleta kizunguzungu, kichefuchefu na kufunga choo. Haichanganywi kamwe na kasiksi, kanyanga au dawa za usingizi, maana pumzi inaweza kupungua hadi kusimama. Pombe yenyewe inadanganya: inalaza haraka, kisha inamwamsha mtu katikati ya usiku. Na kununua tramadoli ya kubahatisha sokoni, kuongeza kidonge kila wiki, ni mwanzo wa mtego ambao vijana wengi hawautoki kirahisi.

Kuhusu choo, dawa nzuri iko jikoni: maji mengi, lengalenga, papai, avoka. Mgonjwa aliyefunga choo siku tano halali vizuri, hata goti likiwa limetulia.

Mofini ni habari nyingine. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet, iliyotoka 2017, ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 tu zilizofika katika nchi maskini. Kwa hiyo mtu wa milima ya Masisi mara nyingi anapita kipindi kigumu kwa dawa nyepesi, na namna ya kulaza mguu inapata uzito mkubwa zaidi.

Mto usiwekwe chini ya goti

Jamaa wengi kwa huruma wanakunja kikwembe na kukiweka chini ya goti, kwa sababu goti lililokunjwa kidogo linauma kidogo. Nafuu hiyo ina gharama. Goti likilala limekunjwa wiki baada ya wiki, mishipa ya nyuma inafupika na mguu haunyooki tena. Mtu anabaki akichechemea maisha yote.

Kikwembe kiwekwe chini ya kisigino au chini ya nyama ya mguu, goti libaki limenyooka. Jioni, kabla ya kulala, mguu uinuliwe juu kuliko kifua kwa nusu saa ili uvimbe ushuke. Anayelala kwa ubavu alalie upande mzima na kuweka nguo iliyokunjwa kati ya miguu miwili, daktari akiruhusu. Aliyewekewa vyuma vinavyotokea nje ya mguu, au ambaye mguu wake unavutwa kwa uzito, afuate mlalo aliopangiwa bila kuubadilisha.

Barafu ni shida kupatikana, lakini maji ya Masisi ni baridi. Kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, juu ya plastiki ili kidonda kisilowe, kinaweza kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Kisiwekwe mahali ambapo ngozi imekufa ganzi.

Kitu kimoja kiepukwe kabisa: kumwita fundi wa mifupa wa kijijini akande kwa nguvu goti jipya au nyama ya mguu iliyovimba. Katika mishipa ya mguu uliolala muda mrefu damu inaweza kuganda. Donge hilo likisukumwa linaweza kupanda mpaka mapafuni na kuua kwa dakika chache.

Mazoezi na maumivu ya kawaida

Mtaalamu wa viungo akisema goti likunjwe leo, hamtesi mgonjwa. Goti lililopasuliwa linaanza kukauka mapema, na kulilegeza baadaye ni kazi kubwa. Njia rahisi ni kumeza dawa nusu saa hadi saa nzima kabla ya mazoezi, kufanya machache mara nyingi, na kumaliza mazoezi makubwa mapema mchana, si usiku.

Maumivu yanayopanda kidogo wakati wa zoezi na kushuka baadaye ni ya kawaida. Yanayobaki makali mpaka kesho yake yanasema kwamba zoezi lilizidi.

Mjini Goma, kituo cha Shirika la Umoja kinasaidia watu kujifunza kutembea tena na kinatengeneza miguu bandia, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Hospitali ya Heal Africa, iliyoanzishwa na Dk. Kasereka "Jo" Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn, nayo imehudumia wengi kutoka vijijini. Asiyeweza kufika huko aombe, kabla ya kutoka hospitalini, aonyeshwe mazoezi matatu au manne mbele ya mtu atakayemlinda nyumbani.

Usingizi wa aliyekimbia vita

Kuna maumivu ambayo hayatoki kwenye mfupa. Mtu aliyepigwa risasi anasikia mlango ukigonga na mwili wote unaruka. Anaogopa kulala kwa sababu ndoto zinamrudisha shambani siku ile. Ketamini, dawa ya kulaza inayotumiwa sana katika hospitali zisizo na mashine nyingi, nayo inaweza kuleta maono ya ajabu mtu anapoamka. Familia zisifikiri ni uchawi. Kwa kawaida yanapita baada ya muda mfupi.

Aliyekatwa mguu naye anaweza kusikia vidole visivyokuwepo vikiungua usiku. Hajawa wazimu. Neva zilizokatwa bado zinatuma habari katika ubongo, na kuna dawa za neva, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo, ambazo daktari anaweza kutoa na ambazo pia zinasaidia kulala.

Kwa wote, kanuni ndogo zinasaidia. Kahawa na chai kali zikome mchana. Kulala mchana kusizidi nusu saa. Jua la asubuhi liangukie uso. Kidonge na maji viwekwe karibu na kitanda kabla ya giza. Na asiyeweza kulala kwa sababu ya ndoto wiki baada ya wiki aseme kituoni. Pale penye mshauri wa kisaikolojia, maongezi ni matibabu kama sindano.

Wakati wa kutongoja kuche

Kuna maumivu ambayo hayatulizwi nyumbani. Mgonjwa abebwe kwenda hospitali akiona homa, usaha, harufu mbaya au maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua. Vilevile nyama ya mguu ikivimba upande mmoja, ikawa moto na kuuma. Kifua kikibana na pumzi kukatika, ni hatari ya saa ileile. Na kama mguu uko ndani ya plasta na unauma kupita kiasi, vidole vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, plasta ikatwe hospitalini haraka, hata kama ni usiku. Mguu unaweza kufa katika saa chache.

Kwa wengine wote, jambo la kujua ni muda. Wiki 2 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Usingizi unaweza kuvurugika mpaka wiki ya 6, wakati mwingine mpaka mwezi wa 3, bila kwamba kitu kimeharibika. Uvimbe wa jioni unaweza kuchukua miezi mingi. Anayejua hivyo hatupi magongo kwa hasira wiki ya tatu, wala haachi mazoezi akidhani upasuaji haukufaa kitu. Usiku akiamka, anameza dozi yake, ananyoosha goti, na kumwamsha ndugu yake akihitaji kuinuliwa mguu.