Kampuni za Tumbaku na Siasa ya Kuchelewesha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliona namna kampuni za sigara za Marekani zilivyojipanga baada ya mwaka 1950, pale watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipochapisha ushahidi unaofungamanisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Tuliishia kwenye tangazo la Januari 4, 1954, ambalo kampuni hizo zililipia katika magazeti zaidi ya 400, zikiwaambia wavutaji kwamba ushahidi haujatimia na kwamba wao wenyewe watagharimia utafiti hadi ukweli ujulikane. Wengi hulisoma tangazo hilo kama uongo, na wana haki. Mimi naona uongo wake ulikuwa sehemu ndogo tu. Kazi yake hasa ilikuwa kuomba muda, na muda ulipatikana: ilipita miaka 10 kabla ya Luther Terry, mganga mkuu wa serikali ya Marekani, kutoa ripoti yake ya Januari 1964, na mingine zaidi ya 30 kabla ya kampuni kubwa kutia saini mapatano ya Novemba 1998 ya kuyalipa majimbo 46 zaidi ya dola bilioni 200. Ombi lile la 1954 halijaondolewa mezani mpaka leo. Halitolewi tena magazetini; linapelekwa mahakamani, na likishindwa huko linawekwa kinywani mwa mkulima.

Ili kuelewa kwa nini muda una thamani kubwa kiasi hicho, lazima tukumbuke biashara yenyewe ilivyo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na wengine wengi huacha. Pengo hilo lazima lizibwe na wavutaji wapya, na wavutaji wapya walio wengi hupatikana katika umri wa ujana. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kuchelewesha onyo, kodi au marufuku ya matangazo ni mwaka mmoja zaidi wa kuandikisha wateja ambao nikotini itawashika kwa miongo kadhaa. Chukua kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni hizo. Agosti 2006, Jaji Gladys Kessler wa Washington aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600 akieleza jinsi zilivyoudanganya umma kwa miongo mingi, akaziamuru zitangaze masahihisho katika magazeti na televisheni. Hazikukaidi amri, zilikata rufaa, kisha zikabishania maneno, tena neno kwa neno. Masahihisho ya kwanza yalitoka Novemba 2017, miaka 11 baadaye, wakati ambapo kijana aliyekusudiwa alikuwa ameshahamia kwenye simu na hana habari na gazeti la Jumapili.

Kenya imepitia njia hiyo hiyo. Nchi hiyo ilitia saini na kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku siku moja, Juni 25, 2004. Mwaka 2006 waziri wa afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alitoa kanuni za kuzuia uvutaji mahali pa umma. Kampuni zikaenda mahakamani na kanuni zikasimamishwa. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, lakini kanuni za kuitekeleza kikamilifu zikachapishwa Desemba 2014. Miaka hiyo saba si haki kuwabebesha mawakili wa kampuni peke yao, kwani serikali nayo ilikuwa na kalamu yake mkononi. Kanuni zilidai picha za maonyo kwenye pakiti, mchango wa fidia wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa kutoka kwa watengenezaji na waagizaji, na utaratibu wa kuweka wazi mikutano kati ya maofisa wa serikali na kampuni. Kabla hazijaanza kutumika, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilikuwa imeshafungua kesi. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliziunga mkono kanuni kwa sehemu kubwa. Februari 2017 Mahakama ya Rufani ikafanya hivyo pia. Na Novemba 26, 2019, Mahakama ya Juu ikalifunga shauri kwa kuitupa rufaa. Kampuni ilishindwa katika ngazi zote tatu. Hata hivyo, mtoto aliyekuwa na miaka 13 kanuni zilipochapishwa alikuwa mtu mzima wa miaka 18 hukumu ya mwisho iliposomwa.

Hapo huja pingamizi ambalo ni zito kuliko mengine yote, nalo ni la kisheria. Kampuni iliyosajiliwa, inayolipa kodi na kuajiri watu, ina haki ya kwenda mahakamani kama raia mwingine yeyote, na Katiba ya Kenya ya 2010 inataka umma ushirikishwe kabla ya kanuni kutungwa. Kudai kwamba mshitaki fulani anapoteza muda ni hoja ya hatari, maana kesho serikali itaitumia dhidi ya mwandishi wa habari au chama cha wafanyakazi. Nakubaliana na pingamizi hilo hadi hapo. Malalamiko mojawapo ya BAT Kenya yalikuwa kwamba haikushirikishwa ipasavyo. Majaji waliyapima, wakapima kumbukumbu za mikutano na maoni yaliyopokewa, wakaona ilishirikishwa. Hiyo ndiyo kazi ya mahakama. Lakini haki ya kusikilizwa haimaanishi kwamba sheria nayo lazima isubiri mpaka msikilizwaji achoke. Na tunajua kwamba katika biashara hii kesi huwa na faida hata kwa anayeshindwa. Mwaka 2010 Philip Morris iliishitaki Uruguay, nchi ya watu wasiozidi milioni nne, kwenye baraza la usuluhishi wa uwekezaji kwa sababu ilitaka maonyo yafunike asilimia 80 ya pakiti. Rais wa nchi hiyo, Tabaré Vázquez, aliyekuwa daktari wa saratani, hakurudi nyuma. Julai 2016 Uruguay ilishinda na kampuni ikaamriwa kuilipa dola milioni 7 za gharama. Kwa mizania ya kampuni fedha hizo ni kidogo. Faida ilikuwa kwingineko: New Zealand, nchi tajiri yenye wanasheria wa kutosha, ilichelewesha sheria yake ya pakiti zisizo na nembo ikisubiri kuona Australia itatokaje katika kesi zake kuhusu pakiti za aina hiyo. Kama New Zealand ilisita, waziri wa afya wa nchi maskini afanye nini barua ya wakili inapotua mezani kwake?

Tukiondoka mahakamani tunakutana na mkulima. Hoja yake, au tuseme hoja inayotolewa kwa jina lake, ni kwamba kudhibiti sigara ni kumnyang'anya tonge. Inastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tumbaku barani Afrika, na huko Tabora, Urambo, Kaliua na Chunya zao hili limesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Anayelijua zao lenyewe anajua pia gharama yake. Tumbaku ya mvuke huanzia kitaluni, hupandikizwa mvua zinapoanza, huvunwa jani kwa jani kutoka chini kwenda juu, hufungwa kwenye fito na kuingizwa banini, yaani nyumba ya kukaushia, ambamo moto hauzimwi usiku na mchana kwa takriban wiki nzima. Kuni za moto huo zimetoka kwa miaka mingi kwenye misitu ya miombo. Anayechuma majani yakiwa na umande hunyonya nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu na kutapika pasipo kuvuta hata sigara moja. Kisha majani huchambuliwa kwa madaraja, hufungwa marobota na kupelekwa soko la chama cha msingi, ambako mteuzi hutamka daraja, bei ikiwa kwa dola, na madeni ya mbolea na pembejeo nyingine hukatwa kwanza. Mkulima haamui makisio ya uzalishaji, bei wala daraja. Mtu wa namna hiyo ana madai mengi ya haki, lakini yanaelekea kwa mnunuzi wake, si kwa daktari anayetaka picha kwenye pakiti.

Tena kuna hesabu moja ambayo hoja ya mkulima hairuhusu ifanywe. Sehemu kubwa ya jani la Tanzania husafirishwa nje. Bei yake hutegemea wavutaji wa dunia nzima na mipango ya wanunuzi wachache wa kimataifa, hivyo onyo kwenye pakiti inayouzwa Kariakoo haliwezi kupunguza robota hata moja Urambo. Mahitaji ya dunia yakishuka, yatashuka taratibu, na yatashuka iwe Tanzania imebadili sheria au haijabadili. Swali la kweli ni nani atakayemsaidia mkulima kuhama mapema. Mkataba wa kimataifa unalitambua hilo katika kifungu cha 17, na huko Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamewasaidia wakulima kuacha tumbaku na kulima maharage yenye madini mengi ya chuma, wakipewa mbegu, mafunzo na soko. Usipokuwepo mnunuzi wa uhakika wa hayo maharage, mkulima atarudi banini, na hatakuwa na kosa. Wakati huohuo tujiulize ni nani anayemtanguliza mkulima huyu mbele ya kamera. Chama cha kimataifa cha wakulima wa tumbaku kilichoanzishwa mwaka 1984 kilitajwa na wachunguzi wa Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yao ya mwaka 2000, kuwa kilifadhiliwa na kuelekezwa na kampuni ili kipaze sauti ambayo zenyewe zisingesikilizwa zikiipaza. Na Uganda, mbunge Chris Baryomunsi alipokuwa akiusukuma muswada wa kudhibiti tumbaku mwaka 2014, BAT Uganda ilimwandikia kwamba itaacha kuchukua tumbaku ya wakulima wa wilaya yake ya Kanungu, muswada huo ukiwa miongoni mwa sababu. Muswada ukawa sheria mwaka 2015; kampuni ikaipinga katika Mahakama ya Katiba, na Mei 2019 ikashindwa. Wakulima wa Kanungu hawakuulizwa lolote, si mwanzo wala mwisho.

Magendo ndiyo hofu inayowatisha zaidi mawaziri wa fedha: ukipandisha kodi, wanaambiwa, mvutaji atahamia kwenye sigara za njia za panya na hazina itapoteza. Afrika Kusini ilipandisha kodi mfululizo kuanzia miaka ya 1990, mauzo ya sigara yakashuka sana huku mapato ya serikali yakipanda. Ni kweli kwamba baadaye magendo yalishamiri nchini humo, hasa baada ya mamlaka ya mapato kudhoofishwa na baada ya marufuku ya kuuza sigara ya mwaka 2020 wakati wa korona. Funzo lake linahusu usimamizi, na Kenya imelithibitisha kwa upande wa pili, kwani tangu ilipoweka stempu za kielektroniki mwaka 2013 sigara haramu zilipungua huku kodi ikiendelea kudaiwa. Mtu anaweza pia kuuliza aliyetoa onyo la magendo ana rekodi gani. Kanada, mwaka 2008, kampuni mbili kubwa za sigara zilikiri makosa yanayohusiana na biashara ya magendo ya bidhaa zao zenyewe, zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja za nchi hiyo. Kuhusu uhuru wa mtu mzima kuvuta anachotaka, sina la kubishana sana. Hakuna sheria niliyoitaja humu inayomkataza. Ila anayedai uhuru huo kwa niaba ya wengine atueleze kwa nini anapinga picha inayomwonyesha mtu mzima huyo anachokichagua.

Picha hizo nazo zina udhaifu wake, na udhaifu huo uko kibandani. Sigara nyingi mitaani kwetu huuzwa moja moja. Muuzaji anabaki na pakiti yenye onyo, mnunuzi anaondoka na sigara tupu, akiwa ameiwasha kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba dirishani. Kwake yeye onyo halikuchapishwa. Mwanafunzi asiye na fedha za pakiti nzima anaimudu moja. Sheria ya Kenya inakataza kuuza kwa namna hiyo, na kila mtu anajua inavyovunjwa hadharani.

Tanzania Bara inaendelea kutegemea Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, iliyotungwa miaka minne kabla nchi haijauridhia mkataba wa kimataifa mwaka 2007. Itakapoandikwa upya, waandishi wake wanaweza kuziba mianya miwili kwa kuitazama Kenya tu. Tarehe ya kuanza kwa maonyo ya picha, ukubwa wake na marufuku ya matangazo viandikwe ndani ya sheria yenyewe, visiachiwe kanuni zitakazosubiri saini ya waziri na kisha amri ya zuio. Na kila kikao kati ya ofisa wa serikali na mwakilishi wa kampuni kiwe na muhtasari unaochapishwa, kama kifungu cha 5.3 cha mkataba na miongozo yake ya mwaka 2008 inavyotaka. Jambo la tatu ni gumu zaidi. Mwaka 2019 Kenya ilianza kuuziwa vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vilivyosajiliwa na bodi ya dawa ilhali si dawa. Oktoba 2020 waziri wa afya Mutahi Kagwe akasema usajili ule haukuwa halali, na baada ya muda vifuko vikarudi sokoni kwa jina jingine. Vifuko hivyo havina moshi, na sheria zetu ziliandikwa kwa ajili ya moshi. Hilo tutalianza wiki ijayo.