Kulabu za Amsterdam

"Baba, pale wananyonga nani?"

Mwanangu mdogo alikuwa akionyesha kulabu ya chuma juu ya dirisha la ghorofa ya mwisho. Ilikuwa mwaka 2022, wiki chache kabla hatujarejea nyumbani kutoka Uholanzi.

Hanyongwi mtu, nilimjibu. Nyumba za mfereji wa Herengracht, ulioanza kuchimbwa mwaka 1613, ni nyembamba na ngazi zake hazipitishi hata kabati. Tajiri aliishi chini, bidhaa akazihifadhi darini. Mashua ilifika karibu na mlango, mzigo ukapandishwa kwa kamba na kapi. Nyumba nyingi zimeinamia mbele kidogo, kusudi gunia lisikwaruze ukuta. Ndugu zangu mnaolipa wachukuzi mpakani mtaielewa hesabu hiyo.

(Kingo za mifereji kwa sehemu kubwa hazina uzio. Mdogo alimkimbilia bata, nikamdaka kwa shati.)

Dada yake, mwenye miaka kumi na mmoja, akauliza mizigo ilitoka wapi. Nilitaja karafuu za Indonesia, nikatamani kuishia hapo. Lakini anajua kusoma. Nikamweleza sukari ya Suriname, iliyolimwa na Waafrika waliouzwa utumwani, na kwamba tangu 1683 jiji lenyewe lilikuwa miongoni mwa wamiliki watatu wa koloni hilo. Meya Femke Halsema aliomba radhi tarehe 1 Julai, 2021.

"Baada ya miaka yote hiyo?"

Sikuwa na jibu. Akamshika mdogo wake mkono, wakaanza kuhesabu kulabu upya, safari hii kimya kimya.