Istilahi "Orans" na Tatizo la Kuitafsiri kwa Kiswahili

Katika historia ya sanaa ya Kikristo, orans ni mtu aliyechorwa akiwa amesimama, mikono ameinyoosha pembeni na kuiinua, viganja vikiwa wazi. Istilahi hii imetokana na kitenzi cha Kilatini orare, yaani kunena au kutetea shauri, na pia kusihi na kuomba. Kisarufi, orans humaanisha "anayeomba", na umbo lake ni moja kwa mwanamume na mwanamke. Nukta hii ina uzito. Katika chumba kimoja cha makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, mjini Roma, kilichopambwa katika karne ya 3, mwanamke mwenye shela ameinua mikono. Vijana watatu walio katika tanuru la moto nao wameinua vivyo hivyo. Fasili inayomfanya orans kuwa mwanamke tu haitoshi.

Je, kwa Kiswahili aitweje? "Mwombaji" lingefaa kisarufi, ila humtaja pia anayeishi kwa kuomba sadaka, na mikono ile iliyonyooshwa ingezidisha utata. "Mwenye kusali" ni afadhali: hudumisha tendo wala halibagui jinsia, ingawa maana ya kutetea shauri hupotea.