Taa ya Oili kwenye Foleni ya Tunduma

Dereva aliyetoka Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi huwa amekata zaidi ya kilomita 900 anapoifikia foleni ya mpakani Tunduma. Amepanda Kitonga, amepita Iwambi na Senjele, injini imepata moto sawasawa. Sasa lori linasogea hatua chache, linasimama, linasogea tena. Hapo ndipo taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili inapopenda kuwaka.

Ina sababu ya kuchagua foleni. Pampu ya oili huzungushwa na injini yenyewe, hivyo injini ikizunguka polepole, pampu nayo husukuma kidogo. Oili yenye moto ni nyepesi, inapenya upesi kwenye nafasi finyu za beringi. Mawili hayo yakikutana, presha hushuka. Injini iliyokuwa na baa tatu au nne barabarani inaweza kubaki na baa moja hivi kwenye foleni, na bado ikawa nzima kabisa.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kujua kama kweli presha imeisha, au sensa ndiyo inayodanganya.

Wengi hukimbilia kununua sensa mpya kwa kuwa ni rahisi kuliko kufungua injini. Wengine huchomoa waya, taa ikazimika, safari ikaendelea. Hilo la pili ni hatari kubwa. Kwenye magari mengi ya zamani sensa ni swichi tu: presha ikikosekana, inaunganisha waya na bodi na taa inawaka. Ukichomoa waya huo taa lazima izimike, hata kama pampu imekufa. Uchomoaji huo una faida moja tu ya kipimo: kama waya umechomolewa na taa bado inawaka, basi umechubuka mahali fulani na unagusa chuma.

Jibu la uhakika linatoka kwenye geji ya mshale. Fundi anaangalia kwanza kiwango cha oili kwenye kijiti, anafungua sensa, anafunga mpira wa geji kwenye tundu lile lile, kisha anawasha injini na kuiacha ipate moto. Mshale ukisimama panapotakiwa na kitabu cha injini husika, kosa liko kwenye sensa au nyaya zake. Ukilala chini, injini izimwe mara moja. Kijiti nacho kina habari: oili iliyoongezeka yenyewe na kunuka dizeli imechanganyika na mafuta, pengine kwa nozeli inayovuja. Vinginevyo, chujio la pampu limeziba au beringi zimelika.

Malori mapya yana sensa ya nyaya tatu. Ndani yake mna kipande cha silikoni, ambacho kikikandamizwa hubadilisha ukinzani wake wa umeme, tabia iliyoelezwa na mwanafizikia Charles S. Smith wa Bell Labs mwaka 1954. Hapa fundi anahitaji mita ya umeme. Kwa sensa nyingi za aina hii waya mmoja unapaswa kuleta volti 5, wa pili ni wa hasi, na wa tatu unarudisha kati ya nusu volti na volti 4.5 kadiri presha inavyopanda. Volti 5 zisipofika, sensa mpya haitasaidia chochote. Na plagi ikichomolewa ikakutwa imelowa oili, sensa imepasuka ndani. Oili hiyo huweza kutambaa ndani ya nyaya, kwa hiyo plagi isafishwe kabla ya kufunga sensa nyingine.

Kwenye kufunga kuna kosa dogo linalorudisha gari gereji. Sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia nyuzi zake za chuma. Zikizungushiwa tepu nyeupe ya mabomba kupita kiasi, umeme unakosa njia, na taa haitawaka tena hata siku presha itakapoisha kweli. Fundi makini huwasha swichi kabla injini haijaunguruma, na kuhakikisha taa inawaka kwanza, ndipo ampe dereva funguo.