Wekundu Unaotokana na Mlo

Kwenye miamba ya kisiwa cha Makobe, upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria, anaishi furu mmoja aliyepewa na wanasayansi jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Ni samaki mdogo, urefu wake kama kidole cha mtu mzima. Dume ana mgongo mwekundu wa kuwaka, ubavu wa manjano na mistari myeusi iliyosimama wima. Jike amepauka, hana makuu. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanamfahamu vizuri, pengine kuliko watu wengi wa Mwanza wanaokula sato na sangara kila wiki bila kujua kwamba ziwa lao lina samaki wa namna hii.

Wekundu wa dume huyu una kazi. Jike anapochagua wa kuzaa naye, huelekea kwa aliyekolea rangi, na ana sababu nzuri. Mwaka 2006 mtafiti Martine Maan na wenzake walieleza kwamba madume waliokolea wekundu walikuwa na vimelea wachache mwilini. Kwa hiyo rangi ni habari za afya, na anayezisoma kwa makini kuliko wote ni jike. Habari hizo zikifichika, mambo huharibika: mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa maji ya ziwa yakichafuka na mwanga kufifia, furu hushindwa kutambuana, spishi zikachanganyika na rangi zikafubaa. Wakati huo tatizo lilikuwa maji kuingia ukungu wa mbolea na uchafu. Plastiki, tishio jingine kwa wekundu huu, inaingilia kwa mlango mwingine kabisa, nao ni tumbo.

Samaki anaweza kujitengenezea weusi. Bluu nayo mara nyingi haihitaji kemikali ya rangi: ni fuwele ndogo ndani ya seli za ngozi zinazorudisha mwanga kwa namna fulani. Ila sehemu kubwa ya wekundu na manjano hutokana na karotenoidi, na hizo mwili wa samaki hauwezi kuziunda. Hutoka kwenye mwani, kwenye wadudu wa majini na vijikamba vilivyokula mwani. Zikishameng'enywa, hufyonzwa na utumbo, zikasafirishwa na damu hadi kwenye seli za rangi chini ya magamba. Zaidi ya hapo, karotenoidi zina kazi ya pili: husaidia kinga ya mwili na kupunguza makali ya kemikali zinazounguza seli. Samaki mgonjwa analazimika kuchagua kati ya kujipamba na kujitibu, na huenda mwili ukachagua tiba.

Sasa tuitazame takataka yenyewe. Neno mikroplastiki lilienea baada ya Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, kuandika mwaka 2004 kuhusu vipande visivyoonekana kirahisi kwenye mchanga wa fukwe na maji ya bahari. Leo huhesabiwa kila kilicho chini ya milimita 5. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza sato na sangara walionunuliwa Mwanza waliripoti plastiki kwenye matumbo ya takriban samaki mmoja kati ya watano. Nyuzi za nguo za poliesta, nyavu zilizochakaa, mifuko na chupa: vyote vina njia ya kufika ziwani.

Samaki havimezi kwa bahati mbaya tu. Karibu na kisiwa cha Rapa Nui, katika Pasifiki, watafiti walikuta samaki 16 kati ya 20 wa aina moja wamekula plastiki, na nyingi zilikuwa za bluu, rangi ileile ya vijikamba wanavyowinda. Jicho lililozoea kutafuta chakula kwa rangi ndilo linalomponza.

Ndani ya tumbo, umbo la kipande ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa Shanghai waliwalisha samaki wa dhahabu nyuzi, vipande vyenye kingo na punje. Vipande vilitafunwa kisha kutemwa, vikaacha majeraha kinywani. Nyuzi zilimezwa, zikakutwa hata kwenye matamvua, na utumbo ukaumia. Wengi wa samaki hao walipungua uzito. Kwa samaki wachanga aina ya gapi, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta vimeng'enya vya mmeng'enyo vimepungua na jamii ya bakteria wa utumbo imevurugika. Utumbo uliovimba hufyonza kidogo, na karotenoidi zinazofanikiwa kupita huenda zikaitwa kwanza kwenye kinga.

Kisha kuna kemikali zinazochuja kutoka kwenye plastiki. Bisfenoli A, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu, huiga homoni ya kike. Mwaka 2012 Jessica Ward na Michael Blum waliwaweka samaki wa mito ya Marekani kwenye maji yenye kemikali hiyo. Rangi na mienendo ya kutongozana ikabadilika, hata spishi mbili zilizokuwa zikiepukana zikaanza kukaribiana.

Nisitie chumvi, hata hivyo. Majaribio mengi hutumia kiasi cha plastiki kikubwa kuliko kilichomo ziwani, na matokeo hayaendi upande mmoja siku zote. Samaki wachanga aina ya diskasi waliowekewa mikroplastiki pamoja na kadimiamu waliendelea kukua, na tena sumu ile ya madini ilijikusanya mwilini kwa uchache. Kinga yao ndiyo iliyoonyesha msukosuko.

Mwenye tangi nyumbani naye hajaepuka. Pamba ya chujio lake mara nyingi ni poliesta, majani yake ni ya plastiki, na unga wa samaki unaotumika kwenye vyakula vya dukani umeshakutwa na mikroplastiki. Samaki akipauka, muuzaji humpa mteja chakula cha kukoleza rangi chenye karotenoidi iitwayo astazanthini, na baada ya wiki chache wekundu hurudi. Ugonjwa, kama upo, umebaki pale pale. Kilichoondoka ni dalili yake. Na astazanthini nyingi inayotiwa kwenye vyakula vya samaki hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, malighafi ileile ya plastiki.