Mikrobe za kinywa zinapeana jeni

Katika somo la bioloji tunafundishwa kwamba mutoto anafanana na wazazi kwa sababu alipokea jeni zao. Ni kweli. Lakini bakteria ziko na njia ingine tena: zinaweza kupokea jeni toka kwa jirani tu, hata asiye wa ukoo wao. Mahali pamoja ambapo jambo hilo linafanyika sana ni kinywa chetu.

Ndani ya vinywa vya watu wamekuta aina zaidi ya 700 za bakteria. Ule utando unaoshika meno asubuhi si mabaki ya bukari peke yake: ni mji, na bakteria zimebanana humo kuliko sisi katika dortuari. Nyingi hazituletei ubaya.

Zinapeana namna gani? Pengine bakteria inakufa, inapasuka, ADN yake inamwagika, na jirani anaokota kipande na kukiingiza ndani ya ADN yake. Frederick Griffith aliona alama ya jambo hilo huko Uingereza mwaka 1928. Alichanganya pneumokoki zisizo na ubaya na zile mbaya zilizokwisha kuuawa kwa moto, na panya wakakufa. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake, New York, walionyesha kwamba kitu kilichopita toka kwa wafu ni ADN. Pengine tena bakteria mbili nzima zinagusana, na moja inapitishia ingine kopi, sawa wanafunzi wanaopitishana karatasi chini ya meza wakati wa mutihani (walimu wanisamehe). Anayetoa hapotezi kitu. Njo vile inatembea jeni moja inayolinda bakteria na tetrasiklini.

Sasa mutu atauliza: kama bakteria hizo haziumizi, hata zikishinda dawa kuna hasara gani?

Hasara ni pneumokoki. Inakaa karibu kabisa, nyuma ya pua na koo, nayo inaleta ugonjwa wa mapafu na meninjite, zaidi kwa watoto wadogo. Mwaka 1977 kule Durban, Afrika ya Kusini, waganga walikuta watoto wagonjwa wenye pneumokoki ambayo penisilini na kloramfenikoli, zote mbili, haziiwezi. Kisha watu wa sayansi walipochunguza pneumokoki zinazoshinda penisilini, waliona jeni zao zina viraka kama suruali ya zamani: kipande chao wenyewe, kipande kigeni. Viraka vingine vilifanana na jeni za jamaa yao Streptococcus mitis, bakteria ya kinywa isiyosumbua watu wazima wa afya. Ile mupole njo ilikuwa gala ya silaha.

Kwa hiyo vidonge viwili vya tetrasiklini ao ampisilini, vya kununua moja moja sokoni juu ya jino, si neno dogo. Jino lililotoboka haliponi kwa vidonge. Shimo linabaki, linangoja munganga wa meno. Maumivu pengine yatapungua yenyewe kesho, na mutu atasifu dawa. Kumbe katika ule mji wa kinywa, bakteria zisizo na jeni zimekufa, na zile zenye jeni zimepata nafasi ya kuzaa. Mutu hasikii kitu. Anakula, anaimba katika korali, anakunywa katika kikombe kimoja na mudogo wake, na mate yanatembea.

Mwanafunzi akishikwa na jino usiku katika internati, parasetamoli na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo vinaweza kumusaidia mpaka asubuhi. Kukipambazuka, aende kwa munganga. Kama shavu limevimba ama ana homa, asichelewe hata kidogo: hapo antibiotiki inaweza kuhitajika kweli, na munganga njo atasema ni ipi na ya siku ngapi.