Maafa ya Hanang na sanduku la michango chuoni: ipi ni zaka, ipi ni sadaka?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Ama ba'ad. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kufuatia mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakateremka hadi kwenye makazi ya watu, mjini Katesh na katika vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Haikuwa volkano, kama baadhi ya watu walivyodhani siku ile; ilikuwa miamba laini iliyolowa maji ikashindwa kujishikilia. Msiba huo uligusa pia Mbulu, wilaya jirani, kwa kuwa Wairaqw wa pande hizo mbili ni ndugu wa damu. Waislamu waliofukiwa au kuchukuliwa na maji tunawataraji kuwa miongoni mwa mashahidi, kwa sababu Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemtaja humo aliyezama na aliyeangukiwa na kifusi.

Janga kama hili likitokea, vyuoni hupita sanduku la michango: msikitini baada ya Ijumaa, kwenye makundi ya WhatsApp, mabwenini. Jambo hili lina asili katika Sunna. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa walipofika Madina watu wa Mudhar wakiwa karibu uchi kwa ufukara, uso wa Mtume ulibadilika, akahimiza watu watoe, dinari au nguo, ngano au tende, hata kipande cha tende. Kwa hiyo mwanafunzi asione haya kutoa shilingi 500. Na si lazima iwe fedha. Moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro Oktoba 2020, wanafunzi wa Chuo cha Mweka walikuwa miongoni mwa waliopanda kusaidia kuuzima.

Shida huanza pale fedha zote zinapomwagwa katika sanduku moja.

Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Aliyepoteza nyumba, shamba na mifugo kwa siku moja anaingia bila shaka katika mafakiri na masikini, hata kama juzi alikuwa tajiri. Lakini wakazi wengi wa Hanang, Wairaqw na Wabarbaig, si Waislamu, na kauli ya wanazuoni walio wengi ni kuwa zaka ya mali hupewa Muislamu, isipokuwa wale wa fungu la kutiwa nguvu nyoyo zao. Je, jirani asiye Muislamu aachwe? Hasha. Yeye ana haki katika sadaka, na Suratul-Mumtahina, aya ya 8, haikatazi kuwatendea wema wasiotupiga vita. Asmaa bint Abi Bakr aliruhusiwa kumuunga mama yake aliyekuwa mshirikina. Basi wekeni masanduku mawili, yaandikwe wazi, na la sadaka limfikie kila aliyeathirika bila kuulizwa dini yake.

Kutenganisha kuna faida nyingine. Zaka, kwa kauli ya wengi, hukabidhiwa mstahiki iwe mali yake. Nauli ya lori la kupeleka unga Katesh isikatwe humo. Ikatwe kwenye sadaka.

Vipi kuhusu "boom"? Fedha ya mkopo wa elimu ya juu mara nyingi haifiki nisabu, na ikifika haikai mwaka, hivyo kwa kawaida haina zaka. Kuitolea sadaka inafaa maadamu hujikoseshi chakula wala ada, na hakuna deni lililofika wakati wake unalolikimbia. Ama riba iliyoingia kwenye akaunti ya benki, wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema itolewe kwa wahitaji kwa nia ya kujitakasa nayo. Anayeitoa asiihesabu kuwa sadaka.

Msaada uendelee hadi lini? Hadithi ya Qabiswa bin Mukhaariq, aliyoipokea Muslim, inatupa kipimo kizuri. Ndani yake, mtu aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake ameruhusiwa kuomba mpaka apate cha kumsimamisha kimaisha. Mablanketi na mchele wa wiki ya kwanza havimsimamishi mkulima wala mfugaji. Serikali ilijenga nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret kwa walioathirika, lakini mtu mwenye nyumba bado anahitaji mbegu, jembe, mtamba, ada ya mtoto. Tunaona ni bora jumuiya ya chuo ibakize sehemu ya mchango kwa ajili ya miezi hiyo, na iwaambie watoaji mapema kuwa ndivyo itakavyofanya. (Na tafadhali, nguo zilizochanika zibaki kwenu. Allah ametukataza kukusudia kibaya katika kutoa.)

Muathirika mwingine huwa darasani. Mwanafunzi ambaye nyumba ya wazazi wake imefukiwa hatasema. Atakosa kulipa ada, kisha ataahirisha mwaka kimyakimya. Akiwa Muislamu, zaka inamfaa, wala si lazima umwambie kuwa ni zaka. Mkipata mtu wa namna hii, mmoja amwendee faraghani, jina lake lisisomwe mbele ya watu.

Mwisho ni kuhusu kinachobaki. Waliokusanya ni mawakili wa watoaji. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya Hanang haihamishiwi kwenye futari ya chuo au zulia la msikiti, hata kama ni elfu kumi tu, ila kwa idhini ya waliotoa. Ikiwa hawajulikani tena, ipelekwe kwa wahitaji walio karibu zaidi na kusudio lao: waathirika wa Hanang kwanza, kisha wa janga linalofanana nalo. Hesabu ibandikwe ubaoni, iliyoingia na iliyotoka, pamoja na stakabadhi ya aliyepokea.

Na Allah Anajua zaidi.